Kikombe cha Mama Tanuri

"Sijasema umekiiba. Nimesema kiko kwako."

Kitinda aliyasema hayo akiwa katikati ya ua, ndoo tupu mkononi, maana alikuwa anaelekea bombani tu, ugomvi ukamkamata njiani. Mama Pacha alisimama kwenye kizingiti cha chumba chake, mguu mmoja ndani na mmoja nje. Akajibu kwamba lugha hiyo anaielewa vizuri. Mtu akishikilia kuwa kitu chake kiko kwako, na wewe umeshamwambia hakipo, basi amekwisha kukuita mwizi. Kilichobaki ni kukuitia watu. Kikombe alikirudisha. Unga nao aliurudisha. Alimkabidhi marehemu Mama Tanuri, mama yake Kitinda, mkono kwa mkono, siku zile bado ana nguvu za kukaa, na kama marehemu alikiweka mahali akasahau, basi waende wakamuulize huko huko aliko.

Maneno hayo ya mwisho yalipotoka, ua wote ulipoa. Mwanamke wa chumba cha tano, aliyekuwa anafua, aliiacha shuka ikielea kwenye beseni. Mama Pacha mwenyewe alionekana kama mtu aliyejing'ata ulimi. Alitazama chini, akakunja ukingo wa pazia la mlango mara mbili tatu, akaukunjua.

Nyumba ile ilikuwa na vyumba tisa vilivyozunguka ua mmoja, bomba moja, choo kimoja, na masikio yasiyo na idadi. Mkuu wa masikio alikuwa mzee wa chumba cha langoni. Walimwita Mzee Redio, kwa sababu redio yake ilipokufa hakuona haja ya kununua nyingine. Kazi ya kutangaza aliichukua mwenyewe. Siku hiyo alitoka na kigoda chake, akakiweka pale ambapo ugomvi ungemfikia pande zote mbili bila kugeuza shingo.

Akasema kikombe hakina miguu, lakini mdomo nao hakina. Wakingoja kiseme kilikokuwa watazeeka wote, na yeye ameshatangulia. Mwanamke wa chumba cha tano akacheka. Kitinda hakucheka.

"Mama aliniambia kiko kwa jirani," alisema. "Jirani ni wewe. Ukuta mmoja."

"Mama yako alikuwa na homa," Mama Pacha akamjibu, safari hii kwa sauti ndogo, akaingia ndani na pazia likaanguka nyuma yake.

Sasa, mtu wa nje angeshangaa watu wazima kuvunjiana heshima kwa ajili ya kikombe cha bati. Kilikuwa cha buluu, rangi imebanduka mdomoni, mkono wake umefungwa waya, na kitako chake hakikukaa sawa mezani tangu siku kilipoanguka kwenye ngazi za duka la unga. Ukikiokota jalalani ungekirudisha jalalani. Lakini ndicho alichopimia unga Mama Tanuri kwa miaka yote aliyooka mikate kwenye tanuri la matofali pale pembeni ya ua, na ndicho kilichompatia sifa nusu ya mtaa. Watu hawakusema "niazime unga." Walisema "niazime kikombe," na hakuna aliyeuliza kipi, kama ambavyo mtu akisema jua limetoka humuulizi jua gani.

Kilikuwa na desturi zake. Ukienda kukopa, Mama Tanuri alikichota unga hadi mdomoni, akakigonga mezani mara mbili unga ushuke, akaongeza tena mpaka juu pakawa na kichuguu. Ukikibeba ulitembea kama bibi harusi, usije ukakimwaga. Ukija kulipa alikipangusa juu kwa kisu, akakurudishia kilichozidi. Kukopesha ni kichuguu, alisema, kulipwa ni kupangusa. Mwenye shida asipimwe kwa kisu. Na neno la tatu, ambalo halikuwa lake peke yake bali la nyumba nzima: chombo kilichokuja kimejaa hakirudi kitupu. Huna unga, weka chumvi. Huna chumvi, weka viazi viwili, weka hata limau. Lakini kitupu hapana. Kumrudishia mtu chombo kitupu ni kumwambia mimi na wewe basi.

Tangu alipozikwa, wiki sita sasa, kila mlango ulikuwa na kikombe chake na kila kikombe kilikuwa na kesi yake. Mwanamke wa chumba cha tano alikopesha kwa kikombe cha chai na kudai kwa bilauri. Cha Mzee Redio kilikuwa kidogo kiasi kwamba wapangaji walisema ni kofia ya yai. Kulikuwa na watu wawili vyumba vya nyuma ambao hawakusalimiana kwa sababu ya mchele, na ukiwasikiliza, kila mmoja alisema kweli: mmoja alitoa kikombe, na mwingine alirudisha kikombe.

Lakini lililomkondesha Kitinda lilikuwa jingine, nalo lilikuwa la mikate.

Yeye alikuwa mtoto wa mwisho, ndiyo asili ya hilo jina, na mama yake hakumruhusu hata siku moja kutia mkono kwenye unga. Alisema mkate una mama mmoja kama mtu. Kitinda alisuka nywele saluni, akaleta nyumbani alichopata, na mkate aliujua kwa kuula tu. Hadi mama alipolala kitandani na kujua hainuki. Hapo alimwita na daftari.

Ilikuwa mchana, dirisha liko wazi, na mama alisema polepole kama anayehesabia watoto wa shule namba. Unga vikombe kumi na viwili, vya kupangusa, si vya kichuguu. Maji chupa mbili. Hamira vijiko vitatu. Sukari vijiko saba. Chumvi konzi moja, mkono usibane sana. Ukande mpaka mkono utoke safi. Kitinda aliandika yote, akasoma kwa sauti, na mama akatikisa kichwa kwamba ndivyo. Alijiona amepewa ufunguo. Hakuuliza kikombe kipi. Nani angeuliza?

Chupa ilikuwepo, kijiko kilikuwepo, mkono wake mwenyewe ulikuwepo. Siku ya kwanza alipofungua tanuri baada ya msiba ndipo alipotafuta kikombe, akakosa. Akachukua cha chai. Unga ukawa uji, ukamwagika kwenye vibati kama maziwa yaliyochemka. Akaenda dukani kununua kikombe cha kupimia, cha plastiki, chenye mistari pembeni, kile muuzaji alichoapa kwamba ndicho wanachotumia wapishi wenye vyeti. Ukawa uji mzito zaidi kidogo. Basi akaongeza unga kwa kukisia, konzi baada ya konzi, mpaka donge likakamatika. Lakini akiongeza unga chumvi ilipotea, akiongeza chumvi hamira iligoma, na mkate ulitoka umekaa chini, mweupe, umenuna kama mgeni aliyenyimwa kiti. Mikate iliyoharibika aliyatupia mabata ya mwenye nyumba. Wiki ya nne mabata yalikuwa yamenenepa hadi yakashindwa kukimbia mvua.

Mwenye mgahawa wa barabarani ndiye aliyekuwa mnunuzi mkubwa wa mama yake kwa miaka kumi na tisa. Alikuwa mtu mpole, na upole wake ndio uliouma. Alivunja kipande, akakitafuna muda mrefu, akakiweka chini.

"Mwanangu, huu si mkate mbaya," alimwambia. "Lakini si ule. Wateja wangu ule wanaujua hata ukiwafumba macho."

Akaeleza kwamba amengoja kwa heshima ya marehemu, na angengoja zaidi kama wateja nao wangekuwa na heshima ya kungoja. Alimpa hadi Ijumaa. Baada ya hapo angechukua mikate ya kiwandani, ile inayokuja kwenye karatasi.

Kitinda alirudi akihesabu siku kwa vidole. Si kwamba angekufa njaa. Saluni ingemchukua tena hata kesho. Ila alijua kitu kimoja, na hakumwambia mtu. Nguo za mama alikwisha kuzigawa. Sauti yake ilikuwa imeanza kumtoka masikioni, siku nyingine aliitafuta asiipate. Ladha ya mkate ule ndiyo iliyobaki, na ikipotea nayo, basi mama atakuwa ameondoka kweli kweli, na yeye ndiye atakayekuwa amemfungulia mlango. Ndiyo maana Jumatatu ile alipokutana na Mama Pacha uani, hakuweza kunyamaza.

Baada ya ugomvi Mzee Redio alimfuata bombani na kumnong'oneza, kunong'ona kwake kukiwa ni kule ambako mtaa wa pili ulisikia. Alisema amemfahamu Mama Pacha miaka minane na hajawahi kumwona na kitu cha mtu. Mwanamke yule hupiga pasi kwenye nyumba ya dobi kule mjini, kila asubuhi hutoka nguo zimenyooka kama karatasi, hana muda wa vikombe vya watu. "Siri ya mtungi aijuaye kata, mjukuu wangu," alimalizia, "na kata mwenyewe ni marehemu." Kitinda akajaza ndoo, akaondoka. Alikuwa amechoka na methali. Msibani alipewa za kutosha.

Alhamisi alasiri mvua ilinyesha ikawafukuza watu wote uani. Kitinda alikuwa ameketi kwenye kigoda, daftari mapajani, akisoma mistari ile ile sita, mlango ulipogongwa mara moja tu, kidogo, kama mgongaji anatumaini asisikike.

Alikuwa Mama Pacha. Kichwa kimelowa. Mkononi alibeba kitu kilichofungwa kitambaa cha jikoni, na Kitinda alikijua kabla hakijafunguliwa, kwa jinsi waya wa mkono ulivyotokeza.

"Kitupu," Mama Pacha alisema. "Nakirudisha kitupu. Nitukane ukitaka."

Kitinda hakukipokea. Alimwambia aingie, mvua inampiga, lakini mwenzake alibaki kizingitini, na pale pale, maji yakimchuruzika shingoni, akayatoa yote kwa mfululizo kama mtu anayemwaga maji machafu kabla hayajamrudia.

Nyumba ya dobi ilimwachisha kazi miezi minne iliyopita. Walileta mashine, wapiga pasi sita wakabaki wawili, na yeye hakuwa miongoni mwa wale wawili. Kila asubuhi alivaa nguo zake zilizonyooka akatoka, akazunguka kutafuta vibarua vya kufua, na alasiri akarudi wakati ule ule wa siku zote, ili Mzee Redio asipate taarifa ya habari. Baba wa watoto alikwenda kutafuta kazi na hajaleta neno. Kikombe cha unga alikopa siku Mama Tanuri bado anatembea. Kilikuwa na kichuguu, hata kilimwagika kidogo mlangoni. Waliula unga ule siku mbili.

Baada ya hapo alikuwa na nia ya kulipa, tena si nia ya mdomoni. Mara mbili alipata unga, mara mbili akakijaza kikombe hadi juu, akakiweka dirishani tayari kukipeleka asubuhi. Mara mbili watoto waliamka wakilia, akakimimina sufuriani. Na kitupu alishindwa. Mtu aliyekujazia kichuguu, unampelekea bati tupu kitandani anakofia? Kila siku alisema kesho. Kisha siku ile Kitinda alipomuuliza mbele za watu, uongo ulimtoka kabla hajaufikiria, na ukishatoka inabidi uulishe.

Kitinda alisikiliza mpaka mwisho. Mvua ilikuwa imepungua, ikabaki ile ya matone makubwa ya kwenye mabati. Alikuwa na swali moja tu, na alikuwa akiliogopa.

"Siku zile za mwisho, mama alipokuwa anakiita kikombe chake. Ulisikia?"

Mama Pacha angeweza kusema hapana. Ukuta hausemi, na marehemu hasemi.

"Nilisikia," alisema. "Usiku na mchana. Nilikuwa nimekishika mkononi, upande wangu wa ukuta."

Kitinda alinyoosha mkono, akakichukua kikombe, akafunga mlango.

Hakulia. Alikiweka mezani, kikayumba na kutulia kwa ule upande wake, na yeye akakitazama kama anayetazama mtu aliyerudi safari bila barua. Mama yake alikuwa na kiu wiki ile ya mwisho. Kila alipoletewa maji kwenye glasi aligeuza uso na kusema si hicho, kikombe changu. Kitinda alitaka kuamini ni homa. Mama akasema kiko kwa jirani. Kitinda akaamini zaidi kwamba ni homa. Na mara moja, alipokuwa hajalala siku ya tatu, alimkaripia. "Mama, maji ni maji," alimwambia. Mama akanywa, mafunda mawili, kwa ajili ya kumridhisha, na mengine yakamtiririkia kidevuni.

Kutoka kitanda kile hadi mlango wa Mama Pacha ni hatua saba. Alikuwa amezihesabu sasa hivi kichwani. Siku zile hakuzipiga. Kwa nini hakuzipiga? Angekwenda, angegonga, angesema mama anataka kikombe chake, na yule mwanamke angekitoa, kitupu au kimejaa, nani angejali. Alitaka kumchukia Mama Pacha kwa moyo wote, na moyo wote haukupatikana. Nusu yake ilikuwa na kazi nyingine.

Alichota maji kwa kile cha plastiki chenye mistari, akayamimina ndani ya kile cha buluu. Yakaishia vidole viwili chini ya mdomo. Vidole viwili mara kumi na mbili. Akacheka peke yake, kicheko kibaya, akayamwaga maji.

Ijumaa aliwasha tanuri mapema. Alipima vikombe kumi na viwili, kila kimoja akikipangusa kwa kisu, na alipofika cha saba alisahau hesabu, akamwaga wote akaanza upya, kwa sababu siku hiyo hakutaka kukisia kitu. Maji chupa mbili. Hamira vijiko vitatu. Sukari saba. Chumvi, mkono usibane. Akakanda. Donge mwanzoni liling'ang'ania vidole kama mtoto asiyetaka kuachwa, kisha kidogo kidogo likaanza kujitegemea, na lilipomwachia mkono wake ukatoka safi. Alisimama akautazama mkono ule. Hakuna aliyemwambia kwamba ungetoka safi namna ile, bila hata punje.

Lilipoumuka lilijaza beseni likainua kitambaa. Saa nane mikate ilitoka, saba, migongo imepasuka katikati mpasuko mmoja mrefu, rangi ya ngozi ya chungu kipya. Harufu ikaenea uani bila kuomba ruhusa. Mwanamke wa chumba cha tano akafungua dirisha. Mzee Redio akatoa kichwa langoni, akavuta pumzi, na kwa mara ya kwanza tangu wamfahamu akakosa la kutangaza. Alirudi ndani, wakamsikia akipenga kamasi.

Kitinda alifunga mikate mitano kwenye kitambaa kwa ajili ya mgahawa. Mwenye mgahawa alivunja kipande cha kwanza hapo hapo kaunta, akatafuna, akaacha kutafuna. Kisha akasema atachukua kumi na minne kila siku kama zamani, na akamuuliza anaweza kuanza lini. Kesho, Kitinda akasema. Yule mtu akamshika bega kidogo, akaenda kuwahudumia wateja.

Alirudi nyumbani akaketi na miwili iliyobaki. Alikata kipande cha ukingoni, kile mama alichomwekea yeye tangu akiwa mdogo, akakitia mdomoni.

Ndio wenyewe. Si kufanana, ndio wenyewe, hadi ule utamu mdogo unaochelewa, unaokuja ukishameza. Alikaa na mkate mdomoni, na ndipo machozi yalipomtoka, yale ambayo hayakutoka makaburini wala siku ya kugawa nguo. Kwa sababu aligeuka kumwambia mtu. Aligeuka kabisa, mwili mzima, kuelekea kitandani, maneno yako tayari: mama, onja, umetoka. Kitanda kilikuwa kimetandikwa.

Alitaka mtu. Si mtu wa kumpongeza. Alitaka mtu wa kuonja na kusema ndiyo, huu ndio, hukukosea, asiwe na shaka. Mwenye mgahawa alionja biashara yake. Mzee Redio hakuwa na meno, kila mkate aliuchovya kwenye chai ukawa kama mwingine. Kaka zake walikuwa mbali, na walikwisha kuzoea ya kiwandani. Aliuliza nyumba nzima moja moja kichwani, mlango kwa mlango, huku akijua toka mwanzo mlango atakaofikia. Mtu aliyekula mkate ule siku baada ya siku kwa miaka minane, aliyewaachisha watoto wake ziwa kwa makombo yake yaliyolowekwa kwenye maziwa, alikuwa mmoja tu.

Alijifuta uso kwa aproni. Hatua saba, alizipiga polepole.

Pazia lilikuwa limeteremshwa. Pacha wawili, wa kike na wa kiume, wa miaka mitano hivi, walikuwa wameketi kizingitini wakiyatazama mabata ya mwenye nyumba yakizunguka chini ya tanuri kutafuta fungu lao lililokawia. Yalikuwa manene. Kitinda aliyaona, akawaona watoto wakiyaona. Wiki nne alikuwa akipita hapa hapa na beseni la mikate iliyonuna, akiwavuka watoto hawa kwa mguu, kwenda kuwalisha ndege.

Watoto walipomwona anakuja na harufu ile nguoni mwake walisimama wote wawili kwa pamoja. Kabla hajafungua mdomo wakasema, sauti moja, kama salamu ya darasani:

"Sisi tumeshakula."

Hakuna aliyewauliza. Lilikuwa somo walilofundishwa, na walilijua vizuri. Yule wa kike aliongeza asante. Kitinda alichuchumaa akawatazama, mikono yao, magoti yao.

Pazia likasogea. Mama Pacha alikuwa amesimama nyuma yake, amevaa zile nguo zake zilizonyooka, uso umevimba kama wa mtu aliyelala vibaya au ambaye hakulala kabisa. Hakusema karibu. Alingoja atukanwe, ilionekana. Alikuwa amejiandaa kwa hilo, mikono ameifumbata mbele.

"Umetoka," Kitinda alimwambia. "Mkate. Nadhani umetoka."

"Nimesikia harufu."

"Harufu si kitu. Nataka uuonje wewe uniambie."

Mama Pacha akatikisa kichwa. Akasema hawezi kwenda kukaa kwenye chumba kile akale mkate, na kitanda cha yule mama kikimtazama. Akasema hata mikononi hana kitu cha kubeba. Akasema mengine, hayakusikika vizuri.

"Mimi nilimwambia maji ni maji," Kitinda alisema. "Nilimkaripia. Hilo hulijui, hilo halikupita ukutani, nilisema kwa sauti ndogo. Sijui kama nimekusamehe, dada. Sijajisamehe mwenyewe, nitakusamehe wewe kwa kipi? Labda kesho, labda siku nyingine. Lakini mkate unapoa, na peke yangu umenishinda kumeza."

Mama Pacha alifunika mdomo kwa kiganja. Watoto walimtazama yeye, wakamtazama Kitinda, wakamtazama yeye tena, maana somo lao halikuwa na sehemu hii.

Kitinda aliinuka, magoti yakalia, akawanyooshea pacha mikono yote miwili, kila mmoja wake.

"Na mimi nimeshakula," aliwaambia. "Njooni ndani tule."